Kuhesabu na Kupima Mashamba Mkoani Tanga: Mwongozo Kamili kwa Mdadisi

Mkulima wa Muheza ana michungwa nyuma ya nyumba, mahindi na muhogo ng'ambo ya barabara, jaruba la mpunga alilokodi bondeni na mbuzi sita. Ukimuuliza ana mashamba mangapi atakujibu matatu, na kwa maongezi ya kila siku hajakosea. Kwenye takwimu za kilimo hilo ni shamba moja. Mdadisi akiandika matatu, wilaya inapata wakulima wawili wa ziada ambao hawapo, na wastani wa ukubwa wa shamba unaporomoka bila mtu kupoteza hata tuta moja.

Mwongozo huu ni wa anayekwenda kijijini na kishikwambi au na karatasi: mdadisi, afisa ugani, katibu wa AMCOS (chama cha ushirika wa mazao), mwanafunzi anayekusanya data za tasnifu. Mifano ni ya Tanga kwa sababu mkoa huu una karibu kila kinachomsumbua mdadisi: mkonge wa mashamba makubwa, vipande vya mteremkoni Lushoto, minazi ya Pangani, mvua za misimu miwili, na watu wenye ardhi Handeni ambao wenyewe wanaishi Dar es Salaam.

Anza na mtu anayeamua

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), ambalo ndilo hutoa mwongozo wa sensa za kilimo duniani kila baada ya miaka kumi, linalichukulia shamba kuwa kitengo cha uzalishaji kilicho chini ya usimamizi mmoja. Ndani yake mna mifugo yote inayofugwa na ardhi yote inayotumika kwa kilimo, iwe nzima au sehemu tu, bila kujali hati, hadhi ya kisheria wala ukubwa. Neno la kushika hapo ni usimamizi. Hati haimfanyi mtu kuwa mkulima, na kukosa hati hakumwondoi.

Kwa hiyo usianze na "Mzee, una ekari ngapi?" Amkia, jitambulishe, kisha uliza: "Nani hapa nyumbani anaamua kipandwe nini, lini, na mavuno yaende wapi?" Anayetajwa ndiye msimamizi wa shamba. Mara nyingi ni mkuu wa kaya, lakini si lazima. Mume akiwa kibaruani Tanga mjini na mke ndiye anayepanga msimu mzima, andika mke. Wapo wadadisi wanaojaza jina la mume kwa mazoea hata kabla ya kuuliza, ndiyo maana idadi ya wanawake wasimamizi kwenye majedwali mengi haiendani na kinachoonekana shambani.

Baada ya hapo, ukubwa wa shamba unapatikana hivi: ardhi yake mwenyewe, jumlisha aliyokodi au kuazima kwa wengine, toa aliyokodisha au kuazimisha. Jaruba alilokodi mkulima wetu wa Muheza ni lake kwa mwaka huo. Mwenye jaruba halihesabu. Mkisahau kutoa ardhi iliyokodishwa, kipande kimoja kitaonekana kwenye dodoso mbili, na kosa hilo halionekani ofisini kwa sababu kila dodoso peke yake iko sawa.

Nani anaingia kwenye hesabu

Kila nchi huweka kiwango cha chini. Marekani, tangu 1974, shamba ni mahali popote panapozalisha na kuuza mazao ya dola 1,000 au zaidi kwa mwaka, au ambapo kwa kawaida pangeuza kiasi hicho. Kiwango hicho hakijapandishwa licha ya mfumuko wa bei, hivyo bustani ambayo zamani isingefika sasa inafika. Sensa yao ya 2022 ilihesabu mashamba takribani milioni 1.9, na sehemu kubwa ni madogo sana.

Tanzania haitumii mauzo, na ni busara, maana kaya nyingi hula wanachovuna. Kwenye sensa za kilimo zinazofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), kaya ya kilimo ni ile ambayo katika mwaka wa kilimo ilikuwa na angalau mita za mraba 25 za ardhi ya kulima, au ng'ombe mmoja, au mbuzi, kondoo ama nguruwe watano, au kuku, bata ama bata mzinga hamsini. Kigezo kimoja kikitimia kinatosha.

Mita za mraba 25 ni tuta la mita 5 kwa 5. Bi mkubwa wa Chumbageni mwenye mchicha wa ukubwa huo uani anaingia. Jirani yake asiye na tuta ila ana mbuzi wanne na kuku arobaini haingii. Wengi hujaribiwa kuongeza kuku kidogo kwa huruma, au kuruka mchicha wa mjini kwa kuuona si kilimo. Usifanye lolote kati ya hayo. Ukiongeza au kuruka kwa hisia zako, takwimu za kata yako hazilinganishwi tena na za kata nyingine.

Mashamba makubwa hufuata njia yake. Hapa nchini yamekuwa yakitengwa kwa vigezo kama hekta 20 zilizolimwa, ng'ombe 50, mbuzi, kondoo au nguruwe 100, au kuku 1,000, na hufuatwa moja moja kutoka kwenye orodha badala ya kuchaguliwa kwa sampuli, yaani wachache wanaosimama kwa niaba ya wote. Sababu ni ya kihesabu tu. Shamba moja la mkonge likiingia kwenye sampuli kwa bahati, litaivimbisha wilaya nzima. Likikosa, wilaya itaonekana haina mkonge.

Kaya zinazotatanisha

Hapa ndipo kazi inapoharibika, kabla hata ya kifaa cha kupimia kutolewa kwenye mkoba.

Mwenye shamba yuko Dar, kijijini kuna msimamizi wa kulipwa. Kama mwenye mali ndiye anayepiga simu kuamua mbegu na siku ya kuvuna, shamba ni lake, na msimamizi ni mfanyakazi tu. Kama ameachia kila kitu kwa makubaliano ya kugawana mavuno, anayelima ndiye msimamizi wa shamba. Uliza ni nani anabeba hasara mvua ikikosekana. Jibu hilo hufichua ukweli haraka kuliko swali la nani mwenye shamba.

Wake wawili, nyumba mbili. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kama kila mke ana jiko lake na konde lake analoliamulia, hizo ni kaya mbili. Kama wanalima pamoja na kupika pamoja, ni moja. Mume anahesabiwa upande mmoja tu, vinginevyo mifugo yake itajitokeza mara mbili.

Kijana anayeishi kwa wazazi lakini ana robo ekari ya nyanya anayoiuza mwenyewe. Kwa maana kali ya FAO, shamba lake ni la pekee. Kwa utaratibu wa kaya unaotumika hapa nchini, robo hiyo inaingia kwenye kaya ya wazazi kama kipande kimojawapo. Fuata utaratibu wa utafiti wako, ila jina lake liandikwe kwenye safu ya anayesimamia kipande, lisipotee.

Wakulima wa mkonge walio kwenye vyama vya ushirika Korogwe na Muheza hulima vipande vilivyo ndani ya eneo lililokuwa, au ambalo bado ni, shamba kubwa. Ofisi ya shamba kubwa inaweza kukupa hekta zote zilizo kwenye ramani, na mkulima naye akakupa zake. Omba ofisini mchanganuo wa wanazosimamia wenyewe na walizokabidhi kwa wakulima, kisha linganisha na orodha ya AMCOS.

Wanawake wa mwani kwenye mwambao nao huulizwa sana. Mwani ni kilimo cha majini. Kaya yenye kamba za mwani peke yake, bila ardhi wala mifugo ya kutosha, haiingii kama shamba. Ina sehemu yake kwenye dodoso kama utafiti umeiweka. Vivyo hivyo mwenye msitu wa misaji peke yake.

Orodha kabla ya sampuli

Fika kwa mtendaji wa kijiji na barua ya utambulisho kutoka halmashauri, kisha zungukeni kitongoji kwa kitongoji na mwenyekiti wake. Msitumie daftari la kijiji kama lilivyo. Wahamiaji wa karibuni, wapangaji na wachungaji walioweka boma pembezoni huwa hawamo.

Tuseme orodha imetoa kaya 120 za kilimo na mkachagua 12 kwa bahati nasibu. Kila kaya inabeba uzito wa 10: ukipima hekta 0.6, kwenye jumla inasimama kwa hekta 6. Sasa tuseme kitongoji cha mbali chenye kaya 20 kilirukwa kwa sababu ya tope. Kijiji kina kaya 140, lakini hesabu yako itasimama kwenye 120 milele. Sehemu moja ya saba ya kilimo cha kijiji imefutwa, na hakuna fomula itakayoirudisha.

Kaya iliyochaguliwa isipokuwepo, rudi. Kuchukua nyumba ya jirani kwa kuwa iko wazi huleta kaya za watu wanaoshinda nyumbani, na hao mara nyingi si wale wenye mashamba ya mbali.

Vipande na mwaka wa kilimo

Kaya ikishakubalika, orodhesha vipande vyote kabla ya kupima chochote. Kipande ni ardhi inayoshikana, ya aina moja ya umiliki, iliyozungukwa na ardhi ya wengine, barabara, mto au msitu. Ndani ya kipande kuna ploti, yaani sehemu yenye zao moja au mchanganyiko mmoja wa mazao, au iliyopumzishwa. Chora ramani ya mkono kwenye karatasi, hata kama una kishikwambi, na umwombe mkulima aonyeshe kwa kidole. Vipande vinavyosahaulika ni vya mbali, vilivyopumzishwa, na vya mkewe. Uliza kila kimoja kwa jina lake: "Na kule mlikolima mwaka juzi?" "Na bondeni?"

Mwaka wa kilimo kwenye sensa za NBS unaanza 1 Oktoba na kuishia 30 Septemba. Tanga ina vuli na masika, hivyo ploti ileile inaweza kubeba mahindi mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Andika tarakimu mbili tofauti: eneo la ardhi, ambalo linahesabiwa mara moja, na eneo lililopandwa, ambalo linahesabiwa kila msimu. Ploti ya hekta 0.4 iliyolimwa vuli na masika ina ardhi hekta 0.4 na mahindi hekta 0.8. Kuchanganya mawili haya ndiko kunakozaa jedwali ambalo jumla ya mazao inazidi ardhi yote ya wilaya. Mkonge nao una mtego wake: uliopandwa mwaka huu haukatwi hadi baada ya miaka miwili au mitatu, kwa hiyo eneo lililopandwa na eneo lililovunwa ni safu mbili.

Ekari ya hatua

Vijijini ekari ni hatua 70 kwa 70. Kipimo hiki si cha kubahatisha. Ekari ni yadi za mraba 4,840, na yadi 70 kwa 70 ni 4,900. Hatua ndefu ya mtu mzima inakaribia yadi moja, kama sentimita 91. Matatizo yanaanza pale hatua inapobadilika. Anayekanyaga sentimita 75 anapata mraba wa mita 52.5, sawa na mita za mraba 2,756, ambazo ni ekari 0.68. Anayechukua utepe na kupima mita 70 kwa 70 anapata mita za mraba 4,900, ekari 1.21. Wote wawili watakuambia "ekari moja", na kibarua wa kulimia aliyelipwa kwa ekari analijua hilo kuliko yeyote.

Tafiti zilizolinganisha makisio ya wakulima na vipimo vya GPS, zikiwemo za nchi jirani ya Uganda, zimeonyesha mwelekeo unaojirudia: wenye ploti ndogo hukisia juu, wenye kubwa hukisia chini, na majibu hujazana kwenye nusu, moja na mbili. Kwa hiyo uliza makisio kwanza, yaandike, kisha pima. Usimwonyeshe mkulima kipimo kabla hajakisia.

Kupima kwa GPS

Simama penye uwazi mpaka kifaa kishike setilaiti za kutosha na usahihi wake utulie. Chini ya minazi iliyosongamana au mwembe mkubwa, mawimbi hurukaruka. Anzia kwenye kona, weka alama, tembea ukingoni kabisa mwa ploti na mkulima au anayeijua mipaka, huku kifaa kikiwa mkono uleule wakati wote. Simama sekunde chache kila kona. Rudi ulipoanzia ndipo ufunge. Kichuguu, njia pana au nyumba iliyo ndani ya ploti ipimwe peke yake na kutolewa.

GPS haifai kwa vitu vidogo. Ukikosea mpaka kwa mita moja pande zote, ploti ya mita 100 kwa 100 inaongezeka kwa asilimia 4 tu. Ya mita 20 kwa 20, kwa kosa hilohilo, inakuwa 22 kwa 22: mita za mraba 484 badala ya 400, asilimia 21. Bustani za uani na majaruba pima kwa utepe.

Kupima kwa utepe

Ploti ya pembe nne haipimwi kwa pande nne pekee. Inahitaji na mshazari, yaani mstari wa kona hadi kona ya mkabala, kwa sababu pande zilezile zinaweza kulala na kubana eneo. Mfano: pande kwa mfuatano ni mita 62, 48, 55 na 51, na mshazari unaozitenga mbili za kwanza na mbili za mwisho ni 75. Una pembetatu mbili. Kwa ya kwanza, nusu ya mzunguko ni (62 + 48 + 75) ÷ 2 = 92.5. Toa kila upande kwenye nusu hiyo: 30.5, 44.5 na 17.5. Zidisha 92.5 × 30.5 × 44.5 × 17.5, tafuta kipeuo cha pili: mita za mraba 1,482. Ya pili, yenye 55, 51 na 75, inatoa 1,402.5. Jumla ni kama 2,885, yaani hekta 0.29 au ekari 0.71.

Njia ya mkato ya kuzidisha wastani wa pande zinazotazamana ingekupa 2,896, ambayo hapa haiumizi. Lakini haikosei kwa kupunguza, daima huongeza. Ploti iliyolala yenye pande nne za mita 50 na mshazari mfupi wa mita 40 ina mita za mraba 1,833. Mkato unasema 2,500.

Penye kona nyingi tumia utepe na dira: soma nyuzi na urefu wa kila upande, kisha chora. Mchoro ukikataa kujifunga, pima pengo. Pengo la mita 6 kwenye mzunguko wa mita 216 ni asilimia 2.8, linakubalika. Likizidi asilimia 5, rudi ukapime upya. Kwanza kagua kama aliyeshika dira alikuwa na jembe begani, maana chuma huvuta sindano.

Lushoto na milima mingine ya Usambara ina sharti lake. Eneo la takwimu ni lile la mlalo, kama linavyoonekana kwenye ramani. Utepe uliolazwa juu ya mteremko wa nyuzi 25 unasoma mita 40 mahali ambapo mlalo ni 36.3. Shusheni kwa hatua fupi fupi, utepe ukiwa umenyooka sawa kwa pima maji, na timazi ikionyesha unapogusa chini. GPS hutoa mlalo yenyewe, kwa hiyo ukipima kipande kimoja kwa GPS na cha jirani kwa utepe uliolazwa, majirani hao hawalinganishwi.

Mahindi ndani ya michungwa

Mchanganyiko wa mazao hauna jibu moja, una maamuzi yanayotakiwa kuandikwa. Ukipa kila zao eneo lote la ploti, unajua mahindi yameenea wapi, lakini huwezi kujumlisha mazao. Ukigawanya kwa uwiano, unaweza kujumlisha. Mahindi na maharage ya Lushoto gawanya kwa mbegu: kilo zilizopandwa ukilinganisha na kilo ambazo zingehitajika kama zao lingekuwa peke yake. Kukisia kwa macho kuwa "nusu kwa nusu" ni njia ya mwisho, na ndiyo inayotumika zaidi.

Miti iliyotawanyika ihesabiwe kwa idadi, usiibunie hekta. Iliyopangwa kwa mistari inaweza kugeuzwa: michungwa ya mita 6 kwa 6 ni miti 277 kwa hekta, minazi ya mita 9 kwa 9 ni 123. Mkonge wa mistari miwili miwili, mita 4 kati ya jozi, mita 1 ndani ya jozi na sentimita 80 kati ya miche, ni miche 5,000 kwa hekta. Hesabu hizi zinafaa zaidi kama mtego wa makosa: mkulima mwenye hekta 2 za michungwa kwenye kishikwambi na miti 90 shambani ana tatizo ama la mpaka ama la mapengo, na unalimaliza hapohapo kabla hujaondoka.

Ofisini

Badili ekari kuwa hekta mara moja tu, mwishoni, kwa 0.4047. Kila unapobadili na kukata desimali njiani unaibia mkulima mdogo.

Toa wastani pamoja na mkulima wa katikati, yaani anayeangukia katikati ukiwapanga kwa ukubwa wa mashamba. Kaya tisa zenye nusu hekta na moja yenye hekta 30 zina wastani wa 3.45, ukubwa ambao hakuna hata mmoja wao anao. Wa katikati ana 0.5.

Chini ya kila jedwali andika kiwango cha chini kilichotumika, mwaka wa kilimo, njia ya kupimia, na jinsi ulivyogawanya mchanganyiko. Majina ya kaya na alama zao za GPS yabaki ndani ya ofisi. Sheria ya Takwimu inataka taarifa za mtu mmoja mmoja zifichwe, na kijijini alama ya GPS yenye ploti moja tu ya iliki ni sawa na jina la mtu.